Jinsi ya Kupanga Miaka ya Chuo na Kuusoma Tena Mpango Wako

Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kabla sijajua hata jengo la utawala liko upande gani, nilinunua kaunta buku katika steshenari iliyokuwa karibu na lango la chuo, nikaandika malengo saba katika ukurasa wake wa kwanza. La kwanza lilikuwa kufaulu vizuri, la pili kujitegemea kifedha, la tatu kuwa mtu wa manufaa kwa jamii, na mengine yalikuwa mapana kama hayo. Ukurasa ule niliusoma tena miaka mitatu baadaye nikiwa nafungasha vitu vyangu ili nihame hosteli, na nilishangaa kuona kwamba sikuweza kusema nimefaulu au nimeshindwa katika lengo hata moja. Yalikuwa yameandikwa kwa namna ambayo hayangeweza kukosewa, na kwa sababu hiyo hayakuweza kuniongoza popote.

Utaratibu ninaoueleza hapa niliupata baadaye, nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili huku nikifanya kazi, na tangu hapo nimeutumia pamoja na wanafunzi kadhaa, akiwamo mpwa wangu anayesoma uhasibu, ambaye sasa yuko mwaka wa pili. Umekusudiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Tanzania. Wa Kenya au Uganda anaweza kuufuata kwa kubadilisha majina ya bodi na viwango vya ufaulu. Vifaa vyake ni kaunta buku moja, almanaki ya chuo inayoonyesha tarehe za kufungua, kufunga na kufanya mitihani, orodha ya kozi za programu yako, na jioni moja ambayo simu imewekwa mbali. Kuandika mpango huchukua jioni hiyo moja tu. Kazi kubwa ni kuusoma tena, na hapo ndipo wengi wetu tulipokwama.

Anza na mlango wa kutokea

Mwanafunzi akiambiwa apange, kwa kawaida huanza pale alipo na kusonga mbele: muhula huu nitasoma kwa bidii, muhula ujao nitaongeza bidii, kisha nitahitimu na kutafuta kazi. Ni afadhali kuanza mwisho, ukajiuliza ni mlango gani unaotaka ufunguke baada ya kuhitimu, halafu mlango huo unadai nini, kwa maana karibu kila mlango una masharti yaliyoandikwa na yanayofahamika miaka kadhaa kabla hujaufikia. Mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili hana budi kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Mhitimu wa udaktari hufanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mhandisi mchanga anaweza kuingia katika mafunzo ya miaka mitatu chini ya usimamizi yanayoratibiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayetaka cheti cha juu cha uhasibu atakutana na mitihani ya NBAA, yaani bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Anayetamani kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi atakuta tangazo la kazi likidai wastani usiopungua 3.8 kati ya 5.0 katika shahada ya kwanza, na hakuna barua ya maombi, hata iandikwe kwa ustadi gani, itakayomvusha mwenye 3.7.

Chagua milango miwili. Mmoja tu ni hatari, kwa sababu ukifungwa unabaki barazani. Mitatu au minne ni sawa na kutokuchagua. Kwa kila mlango andika masharti yake kwa namba na tarehe: wastani unaohitajika, mtihani unaofuata, ada yake, nyaraka zinazodaiwa, na muda kati ya kuhitimu na kuanza kulipwa mshahara kamili. Kipengele hicho cha mwisho husahauliwa sana. Anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo aandike pia kwamba akishaajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe, maana mwajiriwa anayepanga maisha kwa mshahara mzima hujikuta ameahidi fedha ambazo hazitafika mkononi mwake.

Huenda hujui unataka mlango upi, na katika umri wa miaka 20 hilo si aibu. Tafuta mtu aliyehitimu programu yako miaka miwili au mitatu iliyopita, si thelathini, kwa kuwa mkubwa wa siku nyingi aliingia kupitia mlango ambao pengine umeshazibwa. Usimwulize kama kazi yake ni nzuri. Mwulize hivi: ulipofika pale, uligundua umepungukiwa na nini ambacho ungeweza kukipata ukiwa chuoni? Watu watatu wakikupa jibu lile lile, kwa mfano kwamba hawakuwa wamezoea kutumia jedwali za Excel, au kwamba hawakuwahi kuandika ripoti ya kurasa kumi wakakosolewa, umeshapata lengo la muhula bila kulibuni.

Hesabu ya wastani, na kwa nini haisubiri mwaka wa tatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoona vijana wengi wenye akili wakichelewa. Katika vyuo vyetu vingi wastani hupimwa kwa 5.0, ambapo A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3 na C ina 2. Daraja la kwanza huanzia 4.4, daraja la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na pasi 2.0. Hayo kila mtu anayajua. Jambo ambalo hawalifanyii hesabu ni kwamba wastani wa mwisho hujengwa na mihula yote, hivyo kila muhula unaopita hupunguza nafasi ya kurekebisha.

Mpwa wangu alimaliza mwaka wa kwanza akiwa na 3.4, na mmoja wa milango yake miwili ni ule wa kubaki chuoni, unaodai 3.8. Tulikaa kwenye kimbweta kimoja, yaani meza ya saruji ya kusomea, nje ya maktaba, akachora mstari wa mihula sita, na tukachukulia kwamba mihula yote ina krediti sawa. Ili afike 3.8 baada ya mihula sita anahitaji jumla ya 22.8, mihula miwili ya kwanza imempa 6.8, zinabaki 16 za kugawanywa kwa mihula minne, yaani wastani wa 4.0, sawa na B+ karibu kila mahali. Ni kazi ngumu lakini inawezekana. Kisha nikamwambia arudie hesabu hiyo akijifanya amebaki na 3.4 ile ile hadi mwisho wa muhula wa tatu, akapata 4.2. Hadi mwisho wa muhula wa nne, akapata 4.6, yaani zaidi ya kiwango cha daraja la kwanza. Hadi mwisho wa muhula wa tano, akapata 5.8, alama ambayo haipo duniani. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mjomba, kwa hiyo mlango wenyewe unafungwa mwaka wa pili.” Ndivyo ulivyo, ingawa kengele yake hailii.

Fanya hesabu hiyo kwa krediti halisi za kozi zako, kwa kuwa kozi yenye krediti 12 huvuta wastani kuliko yenye krediti 8, na ni kosa la kawaida kuona mtu akikesha na kozi ndogo anayoipenda huku ile kubwa ikimzamisha. Kumbuka pia mgawanyo wa alama. Katika vyuo vingi alama 40 hutokana na kazi za muhula na 60 na mtihani wa mwisho, na anayeingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na 18 kati ya 40 ameshajiweka mbali na A kabla ya kusoma swali la kwanza, kwani A ikianzia 70, kama ilivyo katika vyuo vingi, anahitaji 52 kati ya 60, na ni wangapi hupata 52?

Gawa kwa mihula

Mwaka ni kipimo kirefu mno na wiki ni kifupi mno. Muhula, wenye wiki kama 15 za masomo, unatosha kukamilisha jambo moja kubwa na mawili madogo. Chora ukurasa wa mihula yote iliyobaki, sita au minane kwa kadiri ya programu yako, na katika kila muhula andika jambo kubwa moja tu. Acha muhula mmoja wazi kabisa. Utaujaza na msiba, ugonjwa, kozi uliyosapu, yaani uliyofeli ukatakiwa kurudia mtihani wake, au fursa usiyoitarajia, na mpango usio na nafasi ya haya huvunjika mara ya kwanza yanapotokea.

Mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe mnavyoiita, yapewe ukurasa wake. Hufanyika katika likizo ndefu baada ya muhula wa pili, lakini barua za kuomba nafasi zinatakiwa ziwe zimefika miezi kadhaa kabla, na ofisi nzuri hujaa mapema. Tarehe ya kuandika kwenye mpango ni ile ya kupeleka barua. Uchague ofisi kwa kutazama milango yako miwili, hata kama kuna nyingine iliyo karibu na nyumbani ambayo shangazi anamfahamu mkuu wake.

Katika kukadiria muda, usijiamini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, watafiti nchini Kanada waliwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Walitumia 55 hivi. Kinachofundisha zaidi ni kwamba waliulizwa pia wakadirie iwapo kila kitu kitaenda vibaya kadiri inavyowezekana, nao wakataja siku 49 hivi, ambazo bado zilikuwa chache kuliko zilizotumika. Kwa hiyo dawa si kuwaza mabaya, kwa sababu hata mabaya tunayawaza kwa upole. Andika makadirio yako pembeni mwa kila kazi, kisha andika muda uliotumika kweli, na baada ya kazi tano au sita utaijua namba yako mwenyewe. Yangu ni karibu mara mbili. Nikisema ripoti itachukua siku nne, huwa naandika nane, na mke wangu huandika tisa.

Kuhusu fedha sina mengi. Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likiingia, tenga kwanza zile gharama za mlango ulizokwisha kuziandika, kama ada ya mtihani wa bodi au nauli ya kwenda fildi, kabla hujaligusa kwa lolote lingine, kwani mwisho wa muhula hakuna atakayekumbuka zilienda wapi.

Lakini lipo jambo la fedha ambalo vitabu vya mipango vilivyoandikwa ng'ambo havilitaji, nalo ni nyumbani. Mtoto wa kwanza aliyefika chuo kikuu mara nyingi anasubiriwa: kuna wadogo wenye ada, kuna paa, kuna mzazi anayeumwa miguu. Mpango usiotaja nyumbani ni nusu ya mpango, na nusu inayokosekana itajitokeza mwezi wa kwanza wa mshahara. Likizo ikifika, kaa na wazazi kwa adabu, uwaeleze kwamba kati ya kuhitimu na kupata mshahara kamili kuna mwaka mmoja au zaidi wa utarajali, wa mitihani ya bodi au wa kusubiri usaili, ili wasihesabu siku ya mahafali kuwa siku ya neema. Mazungumzo hayo ni magumu, na mara nyingine mzazi atakasirika. Hata hivyo ni mepesi kuliko yale yatakayofanyika baadaye kwa simu.

Jumapili mistari mitatu

Sasa tuingie kwenye kusoma tena. Kila Jumapili jioni fungua kaunta buku, uandike mistari mitatu: nilichopanga, nilichofanya, na kilichoingia katikati. Isizidi mitatu, kwa sababu ukiandika kurasa mbili wiki ya kwanza hutaandika chochote wiki ya nne. Hivi ndivyo alivyoandika mpwa wangu mwaka huu, na ameniruhusu niyanukuu:

“Wiki ya 5. Nilipanga saa sita za kodi. Nilisoma mbili. Jumatano tulikutana kundi la kazi ya ukaguzi, tukaanza saa kumi na mbili badala ya saa kumi.”

“Wiki ya 6. Nilipanga saa sita za kodi. Nilisoma mbili na nusu. Jumatano kundi tena, na baadaye nilikuwa nimechoka.”

“Wiki ya 7. Nilipanga saa sita za kodi. Nilisoma tatu. Nilijilaumu sana.”

Mstari wa mwisho nilimwomba aufute. Neno “nilijilaumu” halielezi kilichoingia katikati, na ukiliacha litajaza ukurasa mzima bila kukupa cha kufanya. Swali la “kwa nini mimi ni mvivu” halina jibu linaloweza kuwekwa kwenye ratiba. Swali la “nini kilitokea Jumatano saa kumi” linalo. Aliposoma wiki zote tatu kwa pamoja aligundua mwenyewe kwamba Jumatano haikuwa siku ya kusoma bali siku ya kusubiri watu, akahamishia kodi Jumanne na Alhamisi asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Ugunduzi huo haukuwapo katika wiki yoyote moja. Ulikuwa katika kuzisoma tatu kwa mfululizo, ndiyo maana nasisitiza kwamba mistari hiyo iandikwe kwenye karatasi na kusomwa, isibaki kichwani.

Ukishajua kinachoingia katikati, kiandikie sharti. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika utafiti wake kwamba mtu anayeamua mapema atafanya nini, mahali gani na wakati gani, kwa muundo wa “hali fulani ikitokea, nitafanya hivi,” hutekeleza nia yake zaidi ya yule aliyebaki na nia tupu. Mpwa wangu aliandika: “Kundi likichelewa kwa zaidi ya dakika ishirini, nitafungua maswali ya kodi palepale kwenye kimbweta.” Sentensi moja ya namna hiyo kwa muhula inatosha. Ukiandika kumi hutaikumbuka hata moja.

Mwisho wa muhula, nusu siku

Matokeo ya muhula yakitoka, usiguse mpango kwa siku saba. Aliyefurahi ataongeza malengo asiyoyaweza, na aliyesapu atafuta hata yale aliyokuwa akiyaweza. Baada ya siku hizo saba tenga nusu siku, usome Jumapili zote kuanzia ya kwanza, na urudie hesabu ya wastani kwa alama mpya. Kisha pitia milango yako miwili na uhakikishe masharti yake hayajabadilika, kwa kwenda kwenye tovuti ya bodi husika au tangazo la karibuni la kazi, si kwa kusikia kwa wenzako kantini.

Andika majibu ya maswali mawili tu. Je, kuna lengo ambalo mihula miwili mfululizo halijapigiwa hata hatua moja? Na je, kuna jambo nililolifanya sana ambalo halikuwa kwenye mpango wowote? La kwanza hukuonyesha lengo ulilolibeba kwa ajili ya macho ya watu. Ama lipunguze hadi hatua inayoweza kufanyika ndani ya wiki mbili, ama lifute na uandike sababu pembeni. La pili ni la thamani zaidi. Mwanafunzi mmoja wa sosholojia niliyemsaidia aliona, baada ya kusoma Jumapili za muhula mzima, kwamba kila wiki kilichoingia katikati kilikuwa kuwapigia akina mama wa mtaani kwao hesabu za vikoba, yaani vikundi vyao vya kuweka na kukopeshana fedha. Alikuwa akiliandika kama usumbufu. Muhula uliofuata alilihamishia kwenye ukurasa wa milango, akaomba fildi katika taasisi ya mikopo midogo, na utafiti wake wa mwaka wa mwisho ukawa juu ya vikoba.

Kufuta lengo kuna kanuni moja: usifute peke yako lengo linalobadilisha mlango. Kabla ya kuhama programu, kuahirisha mwaka au kuacha mtihani wa bodi, peleka kaunta buku kwa mtu mmoja, awe mhadhiri anayekufahamu, mshauri wa wanafunzi au ndugu mwenye kusikiliza, na umsomee Jumapili zako badala ya kumsimulia. Masimulizi huficha mengi, ilhali mistari iliyoandikwa wiki ya 5, kabla hujajua mambo yataishia wapi, haikupangwa ili imshawishi mtu.

Kabla hujafunga kaunta buku jioni ya kwanza, chukua almanaki, uhesabu siku saba baada ya tarehe inayotarajiwa ya matokeo ya kila muhula uliobaki, na uandike tarehe hizo zote ndani ya jalada la mbele. Ukurasa unaofuata uandike “Jumapili, wiki ya 1,” kisha uache mistari mitatu wazi.